Shuka la Mifuko Thelathini na Moja

Mwalimu wa Kiingereza alichukua shuka la mfua nguo wa shule, akaligeuza kitabu, akaandika jina lake juu. Huo ndio wizi wenyewe, na hauhitaji kuzungushwa. Wako watu wanaoiba kuku, wakashikwa na manyoya mkononi, wakapigwa mpaka wakasahau njia ya kwao. Huyu aliiba maneno mia nne na kumi na matatu, na akapigiwa makofi.

Mfua nguo mwenyewe wasichana walimwita Mama Vibanio, kwa sababu vibanio vya kuanikia havikumtoka mwilini. Viwili ukosini, sita kwenye pindo la aproni, na kimoja mara nyingi mdomoni, hata mtu akimsalimia anajibiwa kwa pua. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Ishirini na miwili kati ya hiyo aliimaliza mbele ya karo moja la saruji, nyuma ya jiko la shule ya bweni ya wasichana. Darasani hakuwahi kukaa hata siku moja. Baba yake alisema msichana akijua kuandika atawaandikia wanaume barua, basi akapelekwa kaka yake peke yake. Kaka akasoma, akaandika barua kwa wake za watu, akafukuzwa mtaani. Kisa hicho Mama Vibanio alikisimulia mara nyingi, na hakuna siku aliyocheka.

Herufi alizikuta kwenye kola. Kila msichana akiingia bwenini hushonewa alama yake kwa uzi, herufi mbili tatu na nambari, ndani ya kola ya shati na ndani ya kiuno cha sketi. Wasichana mia tatu na arobaini, mashati matatu kila mmoja. Mtu asiyejua kusoma akitupwa katikati ya mashati elfu moja meupe, ana njia mbili: afukuzwe kazi, au azijue alama hizo kama anavyojua sura za watoto wa jirani. Yeye alizijua. Alipanga rafu kwa rafu, zinazofanana mwanzo huku, zinazofanana mwisho kule. Majina ya herufi hakuyajua. Moja kwake ilikuwa ndoano, nyingine mwanamke mjamzito, nyingine ngazi iliyovunjika. Lakini shati halikupotea.

Mwaka wake wa kwanza kalamu moja ilipasuka ndani ya maji, na mashati thelathini na sita yakatoka na madoa kama ya ngozi ya chui. Aliitwa ofisini akaulizwa kama ana macho. Tangu siku hiyo aligeuza kila mfuko kabla ya nguo kugusa maji. Alikuta pipi, alikuta vipande vya chaki, alikuta barua za mapenzi, na hizo alizitia kwenye mkaa wa pasi, kwa maana kazi yake ilikuwa kufua nguo, si kufua mioyo. Na alikuta karatasi za maneno.

Karatasi hizo zilitoka kwa mwalimu wa Kiingereza. Wasichana walimwita Mwalimu Tai, kwa ile nguo ya shingoni asiyoivua hata juani. Mama Vibanio alisema yeye anamwita hivyo kwa ajili ya yule ndege. Kila Jumatatu mwalimu huyu alijaza ubao maneno ishirini na maana zake, akaketi kusoma gazeti. Wasichana wakanakili kwenye karatasi. Ijumaa ukawa mtihani, na aliyekosa zaidi ya matano alifyeka nyasi Jumamosi kuanzia asubuhi mpaka kivuli kiingie miguuni. Msichana akiuliza swali alijibiwa, "Mwenye macho haambiwi tazama." Basi maneno yakakaa mifukoni, na Jumatano, siku ya kufua, mifuko ikaenda karoni.

Mama Vibanio alizianika karatasi hizo kwenye kamba pamoja na soksi, kibanio kimoja kila karatasi. Zikikauka alizipiga pasi. Saa ya kuchukua nguo ndipo kilio kilipoanza.

"Mama Vibanio, shikamoo. Umeona karatasi yangu?"

"Marahaba. Nimeona karatasi tisa. Yako ikoje?"

"Ina maandishi, Mama."

"Kumbe. Na hizi nane nyingine zina uji?"

"Mama jamani, Ijumaa nitafyeka!"

"Hutafyeka. Lipa kwanza. Nichagulie neno moja humo, unitajie na maana yake. Ukishanilipa, chukua karatasi yako uende."

Huo ukawa ushuru wa chumba cha kufulia. Neno moja na maana yake, ndipo karatasi itoke. Mwanzoni alifanya hivyo kwa uchokozi tu, maana mtu aliyenyimwa kitu hupenda kukionja hata kwa ncha ya ulimi. Baadaye akaona jambo. Maneno nayo yalikuwa na alama za ukoo, kama mashati. Siku moja alikuwa na karatasi tatu mbele yake, akaweka kidole kwenye "knee", akakipeleka kwenye "knot", kisha kwenye "knock".

"Hawa ni ndugu," alimwambia msichana aliyekuja. "Wana mkwe mmoja."

"Mkwe gani, Mama?"

"Huyu wa mwanzoni. Nakuona unamwandika, lakini ukisema neno humtaji."

Msichana alisema yale maneno matatu tena polepole, akishika koo lake. "Ni kweli. Hiyo ni k. Haisemwi."

"Basi si nimekwambia ni mkwe? Ameketi mlangoni, heshima anapewa, neno hapewi."

Ndivyo shuka lilivyoanza. Aliunganisha mashuka mawili ya bweni yaliyochakaa, akakata mifuko ya mashati ambayo yalishatupwa, akaishona juu yake safu kwa safu. Kila mfuko ukawa nyumba ya ukoo mmoja, na juu ya mfuko alitarizi herufi za ukoo huo. Nyumba ya "kn". Nyumba ya "wr", ambamo naye mkwe yuko mlangoni. Nyumba ya "mb", ambamo amehamia mlango wa nyuma: "comb", "thumb", "climb". Nyumba ya "ght" ndiyo iliyojaa kuliko zote, na hao wawili wa katikati wasiotamkwa aliwaita wazee waliosinzia kikaoni. Ndani ya mfuko zilikaa kadi za karatasi ngumu. Neno alilichora mwenyewe kwa mkono wake, akiiga umbo kama anavyoiga alama ya kola. Maana iliandikwa na msichana aliyelileta neno, lakini kwa maneno ya Mama Vibanio, maana yeye hakupokea maana asiyoweza kuishika.

"'Wring' ni kukamua, Mama."

"Kukamua nini? Ng'ombe?"

"Nguo."

"Sasa kwa nini unaniletea nusu? Andika: kukamua nguo mpaka itoe tone la mwisho."

Hivyo ndivyo kadi zilivyosema. "Tight", sketi ya kidato cha kwanza ikivaliwa na wa kidato cha nne. "Wrist", mahali pa kifungo cha mwisho cha shati. "Weight", kile kinachoongezeka kwenye blanketi likilowa. "Thumb", kidole unachokilowesha mate kupimia moto wa pasi. "White", rangi ambayo shati huwa nayo Jumatatu tu.

Na kwa sababu hakuwa mjinga, aliweka utaratibu. Kadi ya neno jipya ilitobolewa pembeni na kutiwa uzi wa buluu. Maana yake, bado lina doa. Wasichana wengine wawili, ambao hawakumsikia wa kwanza, wakileta neno lilelile kwa maana ileile, uzi wa buluu ulikatwa na kadi ikatiwa uzi mwekundu. Vinywa vitatu, neno limetakata. Alijua wasichana. Alijua wanaweza kukudanganya huku wamekushika mkono.

Kama yule waliyemwita Kasuku. Huyo alikuja siku moja na macho yanayocheka kabla ya mdomo.

"Mama, leo nakulipa neno zuri. 'Wreck'."

"Maana yake?"

"Jengo jipya la kupendeza. Siku moja ukiingia ofisini kwa mkuu wa shule, sema tu, ofisi yako ni 'wreck' kubwa. Atafurahi huyo!"

Mama Vibanio alimtazama. Akaichora kadi, akamwandikisha maana, akaitia uzi wa buluu na kuikaza fundo mara mbili. "Kaa hapo," aliiambia kadi, "mpaka wenzio waje." Miaka miwili ikapita na wenzie hawakuja, maana neno hilo Mwalimu Tai hakulirudia ubaoni. Likabaki na doa lake.

Wasichana dhaifu ndio waliolijua shuka kwanza. Walikuja kukunja soksi naye ili wakae karibu na mifuko. Aliwauliza, "Nani anaishi nyumba hii?" wakataja. "Anafanya kazi gani?" wakasema. Aliyekwama aliambiwa achungulie mfukoni mwenyewe, maana asiyejua mlango wa ndugu yake atalala nje. Mmoja wao alikuwa binti wa kaka yake, yule mwandika barua. Mama Vibanio alimlea tangu ana miaka sita, akamsomesha kwa mikono iliyochubuka kwa magadi. Binti huyo alishaanguka Kiingereza mara moja. Kwa shuka lile alipita, akaenda chuo, akarudi shuleni hapohapo kuwa mwalimu wa muda, meza yake ikawekwa ubavuni kwa Mwalimu Tai.

Ikafika Jumamosi moja ambayo nyasi zilikosa wa kuzifyeka. Mwalimu Tai hakufurahi, alishuku. Aliuliza, akafuatilia, akatokea kwenye mlango wa chumba cha kufulia. Miaka kumi na moja mashati yake yalikuwa yakiingia humo. Yeye mwenyewe ilikuwa mara ya kwanza.

"Mama, hiki ni nini?"

"Shuka, Mwalimu."

"Shuka naliona. Nani amekufundisha haya?"

"Mifuko yenu."

Alichomoa kadi ya "tight", akasoma, akacheka mpaka tai ikaruka. Akachomoa ya "weight", akatabasamu. Akachomoa nyingine, na nyingine, na sasa hakucheka tena. Alisimama akihesabu mifuko kwa midomo.

"Niazime wiki moja. Nataka wenzangu waone."

"Wiki ina siku saba, Mwalimu."

"Hata mimi najua."

"Basi Jumatano ijayo."

Na yeye Mama Vibanio ndiye aliyelikunja. Hilo ndilo linalomchoma mpaka leo kuliko yote. Alilikunja vizuri, kona kwa kona, kadi zisimwagike, akampa kwa mikono miwili kama mtu anayempakatisha mwenzie mtoto.

Jumatano ikaja ikapita. Kila akimkuta alimwambia maneno mawili, "Mwalimu, shuka," na kila mara alijibiwa, "Bado nalitazama, Mama. Jambo zuri halina haraka." Miezi minane. Na miezi yote hiyo binti wa kaka yake alikuja kwake kila Jumapili mchana. Alikula, akanawa, akaaga, "Shangazi, ubaki salama." Hakusema kwamba ndiye anayekaa kwenye kompyuta akichapa kadi moja baada ya nyingine.

Siku ya kuzindua kitabu, Mama Vibanio alipewa vitambaa vya meza arobaini avipige pasi. Alipiga pia shati la Mwalimu Tai, na tai yenyewe, kwa mvuke, kupitia kitambaa kibichi isije ikang'aa. Kitabu cha nini hakujua. Aliingia ukumbini amebeba kitambaa cha mwisho, wazazi wameshaketi, wasichana wamejaa mpaka madirishani, na ukutani, nyuma ya meza kuu, shuka lake lilikuwa limetundikwa na utepe.

Mkuu wa shule, mwanamke mnene wa sauti tamu, alikuwa akisema kwenye kipaza sauti jinsi mwalimu wao alivyobuni njia mpya ya kujifunza maneno kwa koo, kila ukoo na nyumba yake. Alisema "koo". Neno lilelile.

"Shuka lile ni langu," alisema Mama Vibanio.

Hakupiga kelele. Lakini ukumbi ulikuwa umenyamaza kusikiliza sifa, kwa hiyo kila mtu alisikia. Mwalimu Tai alichukua kipaza sauti, uso wake umetulia kama maji ya kisima.

"Wazazi, msishangae. Mama huyu alitusaidia kushona mifuko. Tumshukuru."

Wakapiga makofi.

"Sikushona mifuko tu. Niliyapanga maneno. Koo ni zangu, na maana ni zangu."

"Ah, kumbe! Uliyapanga wewe?" Aliteremka jukwaani na kitabu mkononi, akakifungua ukurasa wa kwanza kabisa, akamwekea chini ya macho. "Basi tusomee hapa, Mama. Mstari mmoja tu. Wewe si ndiye mwenyewe?"

Ulikuwa ukurasa mzima wa Kiingereza, maneno yamebanana mstari kwa mstari, bila mfuko, bila nyumba. Aliwatambua wawili watatu. "Know" alikuwepo, na "right", kama mtu anavyoona sura mbili za jirani kwenye soko la ugenini. Waliobaki walikuwa wageni. Alisimama na kitambaa mikononi. Msichana mmoja wa nyuma akacheka, na kicheko kikatembea ukumbi mzima kama moto kwenye majani makavu. Alimtafuta binti wa kaka yake. Alimwona, safu ya walimu, ameinamia viatu vyake kama mtu aliyeangusha sindano.

"Kila mtu na kazi yake, Mama," alisema Mwalimu Tai kwa upole ule wa kuua.

Mama Vibanio alitandika kitambaa kwenye meza iliyobaki, akakinyoosha pembe nne, akatoka.

Jumapili binti alikuja, na kitabu kwenye mkoba. Mama Vibanio hakumpakulia. Alikifungua kitabu mezani akaanza kupekua. Kila neno lilikuwa na nukta pembeni, nyingine nyekundu, nyingine za buluu.

"Hizi nukta anaziitaje?"

"Ameandika kwenye dibaji, Shangazi. Nyekundu ni maneno ya kawaida. Buluu ni maneno ya ngazi ya juu, ya mwanafunzi anayetaka kung'ara."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi Mama Vibanio kucheka, na hakikuwa kicheko cha kumfurahisha mtu. "Na wewe unajua uzi wa buluu ni nini."

"Najua."

"Ulimwambia?"

"Hakuniuliza."

"Alikuahidi nini?"

"Ajira ya kudumu." Machozi yakamjaa. "Shangazi, ningefanyaje? Na mimi nina maisha yangu."

"Maisha yako nimeyafua mimi kwa mikono hii, na leo unaniambia ni yako. Chukua mkoba wako. Kitabu kiache."

Akaenda. Wali ukapoa sufuriani.

Kilichofuata hakikupangwa na mtu. Mzee mmoja, mfanyabiashara wa mbao, alikuwa ameijengea shule bweni jipya, la matofali na madirisha makubwa. Mwalimu Tai aliwaagiza wasichana wa kidato cha pili kila mmoja amwandikie mfadhili barua ya shukrani kwa Kiingereza, na akawasisitiza watumie maneno ya buluu, wang'are. Wasichana wakafungua kitabu, wakatafuta neno la jengo. Walilipata, na nukta yake ya buluu, na maana yake: jengo jipya la kupendeza. Barua arobaini na mbili. Zote zilimshukuru mzee yule kwa "wreck" yake, nyingine kwa "wreck" yake nzuri, na mmoja mwenye adabu zaidi akamwombea Mungu amjalie ajenge "wreck" nyingine kila mkoa.

Mzee alikijua Kiingereza, na "wreck" kwake ni gofu; alikuja mwenyewe, ameshika bunda la barua chini ya kwapa. Mkuu wa shule akamwita Mwalimu Tai. Baada ya kitambo kifupi akaitwa Mama Vibanio. Aliingia mikono imelowa mpaka viwikoni, kwa maana hakuambiwa anaitiwa nini. Akaona shuka lake limefungiwa kwenye kabati la kioo, limekunjwa ovyo, jina la Mwalimu Tai limebandikwa chini yake.

"Mama," alisema mkuu wa shule, "neno hili ulilitoa wapi?"

"Neno lipi?"

"Usijifanye hujui!" Mwalimu Tai alikuwa anatoka jasho mpaka kola. "'Wreck'! Mkuu, kosa hili si langu. Hili ni la shuka lake. Mimi nilinakili kama lilivyokuwa kwenye kadi zake. Zote nilinakili kama zilivyokuwa!"

Mzee wa mbao aligeuza shingo polepole.

"Shuka la nani?"

Mwalimu Tai alishika tai yake.

"Rudia, Mwalimu," alisema Mama Vibanio. "Mzee hakusikia vizuri. Ulinakili shuka la nani?"

Basi Mama Vibanio akamwelezea mzee mwenyewe, bila kuomba ruhusa ya mtu. Uzi mwekundu, vinywa vitatu. Uzi wa buluu, kinywa kimoja, neno lenye doa, lisipewe mtu. Maneno ya namna hiyo yalikuwa kumi na tisa kwenye shuka, na angekuwa ameulizwa, angeyachomoa yote kabla jua halijatua. "Huyu aliyaona ya buluu, akadhani ndiyo ya wakubwa. Mimi nayatenga yasiguse meupe, yeye akawavisha watoto."

Mzee alikivuta kitabu akapekua. Alisoma kwa sauti, taratibu. "'Thumb', kidole unachokilowesha mate kupimia moto wa pasi." Akainua macho. "Mwalimu, wewe hupiga pasi nguo zako?"

"Hapana, Mzee. Zinapigwa... huku huku shuleni."

"Na kitabu hiki umewahi kukisoma?"

Mkuu wa shule akainuka haraka, sauti tamu imerudi. "Mzee wetu, haya ni mambo ya ndani. Tutayamaliza sisi." Akamsindikiza mpaka kwenye gari. Mzee aliondoka na barua zake, kichwa kikitikisika. Kama alicheka au alisikitika, hakuna aliyejua, na hakurudi kuuliza.

Mkuu aliporudi alizungumza kama mtu anayepanga viti. Kosa litatolewa kwenye chapa ya pili. Jina juu ya kitabu litabaki lilivyo, kwa sababu kitabu kimeshafika shule nyingine na shule haiwezi kujiaibisha. Shuka litabaki kabatini, ni kumbukumbu ya shule. Kisha akasukuma kwa mguu katoni iliyokuwa chini ya meza.

"Hii sabuni ni yako, Mama. Ya shukrani."

"Sabuni ya kazi nafulia nguo zenu. Hii ya shukrani nifulie nini, Mkuu?"

Akaiacha palepale, na alama ya mikono yake mibichi ikabaki kwenye ukingo wa meza.

Aliyekuja kwake wiki ile alikuwa Kasuku, peke yake, bila kucheka. Alikiri. Alisema ulikuwa mzaha, hakujua ungefika huko. Mama Vibanio hakumfokea. Alimkatia kadi mpya, akalichora neno, akamwandikisha maana ya kweli: kitu kilichobaki baada ya mtu kukivunja. Wasichana wengine wawili, ambao hawakumsikia, walilitaja neno vilevile, kila mmoja kwa wakati wake, na kadi ikatiwa uzi mwekundu. Iko kwenye mfuko wa aproni, pamoja na vibanio, kwa sababu nyumba yake imefungiwa kwenye kioo. Kasuku amelipa.

Mashati ya Mwalimu Tai bado yanakuja kila Jumatano. Mama Vibanio huyafua kwenye beseni lake peke yake, mbali na ya watoto, na yanatoka meupe, maana kazi ni kazi. Lakini mifuko yake haigeuzi. Kilichomo kitaoga na mwenyewe. Mara mbili sasa shati limerudi na wino moyoni, na mara mbili amekuja kulalamika.

"Mama, siku hizi huangalii mifuko?"

"Niliangalia miaka kumi na moja, Mwalimu. Nikakuta vitu, ukavichukua."

Mkuu wa shule anadaiwa shuka lenye mifuko thelathini na moja, likunjuliwe, litolewe ile karatasi ya jina, lirudishwe kwenye ukuta wa chumba cha kufulia. Binti wa kaka yake anadaiwa mdomo wake. Alikuwepo karoni, alimwona shangazi yake akikata uzi wa buluu na kutia mwekundu, na ajira ya kudumu ameshaipata. Na Mwalimu Tai amekwisha kumrudishia Mama Vibanio neno moja, lile bovu, ndani ya ofisi, mbele ya watu wawili, ili kujiokoa. Yamebaki mia nne na kumi na mawili. Hayo anadaiwa ukumbini, wasichana wakiwa wamejaa mpaka madirishani, kwa kipaza sauti kilekile.